Shajara ya Runx: Taa ya Injini na Nguvu Inayokatika Mlimani

Jumamosi, 11 Januari 2025. Kilomita 187,412

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kurudia hadithi moja kila nikiingia gereji mpya, na kila nikiirudia nagundua nimesahau kitu. Gari ni Toyota Runx ya 2002, NZE121, injini 1NZ-FE ya cc 1,497, otomatiki. Huu ni mwaka wa sita niko nalo na halijawahi kunilaza njiani. Mpaka juzi Alhamisi.

Nilikuwa narudi Goba kutoka mjini Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, watu wanne ndani, ndoo mbili za rangi kwenye buti, kiyoyozi kinapuliza kwa nguvu zote maana joto la Januari mnalijua. Nikapita Mlimani City, nikashika njia ya Chuo Kikuu Ardhi, nikaanza kupanda Makongo. Katikati ya mlima nakanyaga mafuta, gari halipokei. Halikuzima wala halikutikisika. Injini inalia vizuri tu, ila ni kama kuna mtu kalishika kwa nyuma. Mshale wa spidi ukatoka 50 ukashuka hadi 20. Taa ya injini, ile ya njano, ikawaka. Nyuma yangu honi zikaanza. Bodaboda mmoja akapita pembeni, akachungulia dirishani: "Bosi, shusha abiria!"

Nikawasha hazadi, nikasogea pembeni, nikazima. Tukakaa kama dakika tano. Nilipowasha tena, gari zima. Likapanda mlima wote kama lile la mwanzo halikuwa lenyewe. Taa tu ndiyo ilibaki.

Huko kupona ndiko kunakonitia wasiwasi. Kitu kilichokufa kabisa fundi anakiona. Hiki kinaugua mlimani na kikifika gereji kinasimama wima.

Jumapili, 12 Januari

Fundi wa karibu na nyumbani alisikiliza nusu ya maelezo: "Plagi hizo, braza." Tukatoa zote nne. Kusema kweli zilikuwa zimeisha. Mwanya unaotakiwa ni milimita 1.1 na zangu zilikuwa zimepanuka kwa macho. Plagi mpya 60,000, ufundi 15,000. Sizijutii hizo, zingebadilishwa tu.

Ninachojutia ni alichofanya mwishoni. Alichomoa waya wa betri, akauacha dakika kumi, akaurudisha. Taa ikazimika. "Tayari, bosi." Nikaondoka nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 15 Januari

Taa imerudi. Makongo tena, pale pale karibu.

Nimeulizia na sasa naelewa kuhusu ule waya wa betri. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huwa inahifadhi namba ya hitilafu iliyoiona. Ukikata umeme wa betri, kumbukumbu inafutika na taa inazimika, hata kama ugonjwa uko pale pale. Yaani fundi alichoma barua kabla hatujaisoma.

Jambo jingine nimejifunza humo humo, na wanaotaka kununua magari ya mkononi walishike: ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake, halafu izimike injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu amechomoa balbu yake au ameifunika ili gari liuzike.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimeisoma barua.

Kwanza niliazima kwa mfanyakazi mwenzangu kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kupachika kwenye soketi chini ya usukani. Simu ikahangaika, ikagoma: hakuna mawasiliano na gari. Soketi yangu ina matundu 16 kama ya magari mengine, ila gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo si lazima lizungumze lugha ambayo vifaa hivi vya bei rahisi vinaitegemea. Mlango unafanana, lugha ya ndani ni nyingine.

Basi nikaenda na njia ya zamani ya Toyota. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwenye soketi hiyo, kisha unafungua ufunguo bila kuwasha injini. Namba 4 iko safu ya juu, ya nne kutoka kushoto. Namba 13 iko safu ya chini, ya tano kutoka kushoto. Hesabu mara mbili, halafu hesabu ya tatu, kwa sababu tundu la 16 pale mwisho lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiligusisha kusiko utanunua kitu kikubwa kuliko plagi.

Binti yangu wa darasa la tatu alikaa siti ya abiria na daftari. Nikazungusha ufunguo. Taa ikametameta haraka haraka, mbili, ikatulia kidogo, halafu tano. Ikapumzika. Mbili, kimya, tano. Ikarudia hivyo hivyo. Akaandika 25 kwa mwandiko mkubwa, akapiga mstari chini. Kama kusingekuwa na hitilafu yoyote iliyohifadhiwa, ingemetameta mfululizo bila kutulia.

Kwenye Toyota za kizazi hiki 25 maana yake mchanganyiko mwembamba: hewa nyingi, petroli kidogo. Kwenye namba zile zinazoanza na herufi P, ndugu yake ni P0171. Injini ya petroli inataka takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kwenye eksozi kuna sensa ya oksijeni. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi inaiarifu kontroli boksi, nayo inaziacha nozeli (vijidomo vinavyopuliza petroli kwenye injini) wazi kwa muda mrefu kidogo ili petroli iongezeke. Inaongeza, inaongeza tena. Ikifika mwisho wa ruhusa yake na sensa bado inalalamika, inawasha taa. Kwa hiyo taa haijaniambia ninunue sensa, wala pampu. Imesema imeongeza chakula mpaka chungu kimeisha na njaa bado ipo.

Sasa njaa hiyo inaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini), sensa ya hewa iliyochafuka na kupima pungufu, chujio la petroli lililoziba, pampu dhaifu, au nozeli zilizoziba. Hata silinda isiyowaka moto hudanganya: hewa yake inatoka na oksijeni yote, sensa inadhani petroli ndiyo imepungua. Hilo la mwisho nimelitaja kwa sababu litanihusu siku chache zijazo.

Alhamisi, 23 Januari

Fundi wa pili, yeye na koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Ameniuzia hoja kwa hilo la silinda isiyowaka, na mimi nikainunua kwa hela. Koili moja ya mtumba kutoka Gerezani, kwenye maduka ya spea, 45,000, kuifunga 10,000. Injini hii ina koili nne, kila silinda na yake, na sikumwuliza alijuaje kwamba mbovu ni ya silinda ya tatu. Makongo jioni: vile vile.

Ningefikiri kidogo ningeokoa hela. Koili ikifa gari linamisi, linatetemeka hata likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), unalisikia kwenye usukani. Langu halijatetemeka hata siku moja.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya hewa. Nimesafisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza (15,000), bila kugusa ule uzi mwembamba ndani. Nimefungua mipira yote, nimeikunja na kuichungulia. Injini ikiwa inaunguruma na imepoa nikapuliza dawa kidogo kidogo kwenye maungio nikisikiliza kama sauti itabadilika. Haikubadilika. Hewa haina kosa.

Jumamosi, 1 Februari

Tumepima presha ya petroli. Kwa 1NZ-FE inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343, kwa geji za huku ni psi 44 hadi 50. Fundi alinyanyua siti ya nyuma, akachomoa soketi ya pampu, injini ikanywa kilichobaki kwenye paipu ikazima yenyewe. Hivyo ndivyo unavyoondoa presha kabla ya kufungua paipu. Asiyefanya hivyo anaoga petroli. Akafunga geji, akarudisha soketi, akawasha.

Psi 46. Akapiga resi gari limesimama: 46, 45, 46.

"Pampu nzima, bosi. Tafuta nozeli." Kupima 20,000. Sikununua nozeli. Sijui ni busara au mfuko ulikuwa mtupu.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki nzima nimekuwa nafikiria ile 46. Gari likiwa sailensa linakunywa petroli kidogo mno. Pampu hata ikiwa inachechemea inaitosheleza, na kirekebisha presha kinaishikilia pale pale. Kupima pampu gari limesimama ni kama kumpima mtu pumzi amekaa kwenye kiti. Ugonjwa wangu uko Makongo, basi geji iende Makongo.

Fundi alidhani natania. Tukapata geji yenye mpira mrefu, tukaupitisha chini ya boneti, tukaibandika geji nje ya kioo cha mbele kwa gundi ya karatasi, uso ukitutazama. Nje, si ndani. Mpira ukichomoka ndani ya gari petroli inamwagika mapajani mwako na wewe uko juu ya injini ya moto. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa miguuni mwa fundi.

Saa nane mchana, kiyoyozi wazi, tukapanda. Chini ya mlima 46. Tukaingia kwenye mwinuko, 45. Nikakanyaga. 41. 36. Mshale ulikuwa unashuka taratibu kama jua, na mimi nausikia mguuni: gari linazidi kuwa zito kadiri unavyoshuka. Ukafika 28. Taa ikawaka. Fundi akasema neno moja ambalo siliandiki.

Hapo hakuna cha nozeli. Petroli haifiki. Jioni ile ile nikakimbilia Gerezani kabla hawajafunga, pampu mpya 95,000. Muuzaji aliniangalia usoni akanikumbusha kabla sijatoa hela: "Braza, kitu cha umeme hakirudishwi."

Jumapili, 9 Februari

Pampu imefungwa, ufundi 25,000. Kichujio cha kwenye mdomo wa pampu ya zamani kilikuwa cheusi kama soksi ya mcheza mpira wa mchangani, tumeweka kipya kilichokuja na pampu. Tumepanda Makongo mara tatu. Geji haikushuka chini ya 43. Nimelala usingizi mzuri.

Jumatano, 12 Februari

Imerudi.

Sikuandika zaidi siku hiyo. Mke wangu alisema tu, "Uza." Akaenda kulala.

Jumamosi, 15 Februari

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja fundi umeme, anafanyia kazi chini ya mwembe upande wa Mwananyamala, hana hata bango. Nikamsalimu, shikamoo mzee, marahaba, nikamsomea shajara hii yote kutoka kwenye simu. Ndiye fundi wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali mawili. Baada ya kupumzika dakika tano linapona? Ndiyo. Na siku ya pampu mpya, umeme wake mlipima? Hatukupima.

"Pampu ni mota, kijana wangu. Mota unaipa petroli au unaipa umeme?"

Akanyanyua siti. Hakuchomoa soketi, akaingiza ncha za mita kwa nyuma yake, zikagusa chuma huku pampu inafanya kazi. Akaniambia niwashe, niwashe taa kubwa na kiyoyozi, nisubiri robo saa ipate joto. Ndipo akaanza kusoma na mimi naandika.

Betri: volti 14.1. Waya chanya wa pampu: 13.6. Safi, njiani imepotea nusu volti tu. Pampu yenyewe, kati ya chanya na hasi: 10.4.

Kisha akaweka ncha moja kwenye waya hasi wa pampu na nyingine kwenye bodi ya gari. Waya huo na bodi ni kitu kimoja, mita inatakiwa isome karibu na sifuri, labda sehemu ya kumi ya volti. Ikasoma 3.2.

Hakusema kitu. Akanigeuzia mita nione mwenyewe.

Waya hasi kwenye Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi. Akaufuata kwa vidole chini ya zulia, kushoto kwa siti, hadi kwenye bolti inayoufunga kwenye bodi. Zulia pale lilikuwa na harufu ya unyevu. "Gusa," akasema. Nikagusa nikaondoa kidole. Ilikuwa ya moto. Baadaye alipima pampu inavuta kama ampea 4, nikapiga hesabu: 4 mara 3.2 ni karibu wati 13 zinachemshia bolti moja, zaidi ya balbu mbili za taa ya namba. Ikipata moto kizuizi kinaongezeka, umeme unapungua, pampu inazunguka polepole, petroli inapungua mlimani. Ukipumzika inapoa. Hizo ndizo zile dakika tano zangu.

Spana namba 10. Bolti ilitoka kwa shida ikiacha unga wa kijani na mweupe, kama chumvi iliyokauka mwambani. Kichwa cha waya kilikuwa kimekuwa cha kahawia na plastiki yake imesinyaa. Akakata kichwa, akaminya kipya, akasugua bodi kwa msasa mpaka bati likang'aa kama sarafu, akafunga, akapaka grisi juu. Hakuna spea niliyonunua. Akapima tena: hasi na bodi, volti 0.06. Pampu, 13.5.

Elfu thelathini. Nilimpa na soda.

Njiani nikirudi ndipo nilipokumbuka tarehe 1. Mkono wa fundi ulikuwa umeshika soketi ile ile, waya ule ule, sentimita chache kutoka pale, na mimi nimesimama namulika kwa tochi ya simu.

Jumamosi, 22 Februari. Kilomita 188,060

Wiki moja. Makongo kila jioni, kiyoyozi wazi, mara moja na watu watano. Jumanne niliomba tena geji: 46 chini, 45 juu kabisa. Nilichomoa fyuzi ya EFI, ile ya kompyuta ya injini, kwa dakika moja kufuta ile 25, na safari hii haijarudi. Nimeunganisha tena 4 na 13 kuhakikisha, taa ikametameta mfululizo bila kutulia. Binti akauliza aandike ngapi.

Hesabu yote imefika 315,000.

Pampu ya zamani nilikuwa nimeiweka kwenye boksi la viatu. Nikaipeleka kwa mzee, akaiunganisha na betri moja kwa moja ndani ya ndoo yenye petroli kidogo, nje, mbali na kila kitu. Ikasukuma kwa nguvu kama mpya. Kilichokuwa na uhalali wa kubadilishwa kilikuwa ni kile kichujio cheusi. Nimeifunga kwenye kitambaa, itabaki kuwa akiba. Ile mpya ilitulia siku tatu, nadhani, kwa sababu ilikuwa bado ina nguvu za kuvumilia volti 10, na hizo siku tatu nilipita Makongo usiku kukiwa na ubaridi.

Kilichobaki ni swali la maji. Bolti ndani ya gari, chini ya zulia, haioti chumvi bila maji. Wavulana wa kuosha magari nimewakanya wasipitishe mashine ya presha ndani, wanasema hawajawahi. Huenda kweli.

Jumapili, 9 Machi

Jana usiku mvua nzuri, ya kwanza ya maana. Nilikuwa nimetandika kurasa za gazeti chini ya zulia la nyuma, kulia na kushoto, na moja ndani ya buti chini ya kila taa. Asubuhi nikafungua kabla ya chai. La kulia kavu. La buti kulia kavu. La kushoto chini ya taa ya nyuma limelowa kabisa, limegandamana na bati, na wino wa herufi umebaki kwenye rangi ya gari. Nikaangazia taa kwa tochi: mpira wake umekakamaa na una ufa upande wa juu, nikiuminya kwa ukucha unavunjika.

Kesho Gerezani, mpira wa taa ya nyuma, kushoto.